Kesi ya Sista Aliyeita Mto

Nilivyofika Shwarini haitakusaidia kitu kujua. Nilifika, nikaanguka kwenye daraja lao, nikavunjika mguu, na siku hiyohiyo nikalazwa. Kwa hiyo nchi ya watu nilianza kuiona nikiwa chali, mguu umefungwa hogo la plasta mpaka pajani. Sijutii. Ukitaka kuijua nchi ilivyo, acha maonyesho na sanamu za barabarani. Lala hospitali yao.

Daraja lenyewe halina kingo. Hata kamba. Nilimwuliza Chande, mhudumu wa wodi, jitu la miraba minne, ndiye aliyenisukuma kwenye kiti cha magurudumu.

"Kaka, lile daraja mbona halina kingo?"

"Kingo za nini?"

"Watu wasianguke."

Akaangalia nyuma, akaangalia mbele, akainama sikioni kwangu. "Mgeni, shusha sauti. Ukiweka kingo umesema watu wataanguka. Na ukishasema, wataanguka."

"Sasa mimi si nimeanguka, na kingo hamna?"

"Wewe hukuanguka," akasema. "Wewe uliteleza. Ndivyo ilivyoandikwa."

Hapo ndipo nilipoijua Sheria ya Uchuro. Kwetu bibi akikwambia usimchurie, unacheka, unaomba radhi, yanaisha. Shwarini siyo maneno ya bibi. Ni sheria ya nchi: baya lisitajwe, lisiandaliwe, wala lisisubiriwe kabla halijafika. Kuna maafisa kabisa, wanaitwa Maafisa Uchuro, wana kofia na beji, kazi yao kupita wakisikiliza watu wanaongea nini. Mwavuli unauzwa mvua ikishaanza kunyesha. Mitungi ya kuzimia moto wanayo, tena mizuri, imefungiwa makao makuu, unapewa ukipeleka ushahidi wa moto. Majivu yanakubalika. Gari la wagonjwa haliwekwi mafuta mpaka mgonjwa athibitike, maana kuliweka mafuta mapema ni kumtafutia mtu ajali. Hata wakikutana njiani, mmoja anauliza, "Hamna?" na mwenzake anajibu, "Hamna kabisa!" Basi, wamesalimiana.

Nilicheka sana siku za mwanzo. Halafu nikakumbuka ukumbi mmoja kwetu ambako niliwahi kufanya kibarua cha kupanga viti. Mlango wa dharura una kufuli, na mbele yake wamepanga kreti za soda mpaka juu. Nikaacha kucheka.

Hospitali niliyolazwa iko ukingoni mwa mto. Wodi zote ziko chini, juu kuna ofisi zenye mazulia. Mlango wa kutokea ni mmoja, kwa sababu mlango wa pili ungezua swali: mnakimbia nini? Ule mto zamani ulikuwa unaitwa Mla-Ng'ombe. Ukafurika, ukafurika tena, mpaka Bunge lao likakaa, wakajadiliana kwa jazba, wengine wakalia machozi, mwisho wakaubadilisha jina. Sasa hivi unaitwa Mpole. Tangu hapo, kiserikali, haufuriki.

Wodi yetu ya tatu ilikuwa chini ya Sista Bahija. Mwanamke mwembamba, sauti yake ukiisikia mara moja unakaa sawa kitandani hata kama hakukusema wewe. Kila Jumatano, wageni wakishaondoka, anafunga mlango wa wodi na kutoa mablanketi kabatini. Afisa Uchuro akigonga, anaambiwa, "Tunakung'uta mablanketi, kuna vumbi." Anaenda zake.

Hawakuwa wanakung'uta kitu. Chande analala sakafuni juu ya blanketi, wauguzi wanne wanalikunja kila upande mpaka limemkaba mwilini, wanashika ule mkunjo, wanainua.

"Kunjeni mpaka mbavuni!" Sista anawakemea. "Mnabeba mtu, hambebi gunia la mkaa. Nasra, mgongo nyooka, tumia miguu."

"Sista, huyu Chande anajifanya mzito makusudi," Nasra analalamika. Nasra ni muuguzi kijana, msaidizi wake.

"Mafuriko yatakuchagulia wembamba?"

Alilitamka. Hivihivi, mchana kweupe.

Mzee Ngwali, jirani yangu wa kitanda, mwenye mpira wa mkojo na mdomo usiolala, akavuta shuka mpaka puani. "Huyu mama atatuua," akaninong'oneza. Lakini macho yalikuwa nje ya shuka, hayabanduki.

Na mimi nikawa naangalia. Wanaoweza kutembea wanatangulia. Wanaohitaji bega wanafuata. Wa blanketi wa mwisho, na mtungi wa hewa unaondoka na mwenyewe, hauachwi nyuma wala hautangulizwi. Kupanda ngazi, kichwa mbele. Kushuka, miguu mbele. Mmoja anasimama juu ya ngazi anahesabu vichwa, hafanyi kazi nyingine hata akiitwa na mama yake. Na anayetoa amri ni mtu mmoja tu. "Nikiwepo, ni sauti yangu," Sista anasema. "Nisipokuwepo, ya Nasra. Nasra asipokuwepo, ya yeyote aliye karibu na mlango. Hata kama ni mfagiaji. Mkurugenzi akija akitoa amri yake, mwambieni shikamoo, mpeni pembe ya blanketi."

Siku moja anapima joto langu nikamwuliza, "Sista, huogopi?"

"Naogopa sana."

"Hao wenye kofia?"

"Maji," akasema. Akatikisa kipimo, akaenda kitanda kingine.

Maji yalikuja mchana, watu wanakula. Kwanza yaliingia chini ya mlango, kimyakimya, kama mgeni anayevua viatu. Kipaza sauti kikalia: "Wafanyakazi wote mnaombwa kuendelea kuwa shwari. Kuna unyevu kidogo sakafuni." Mkurugenzi alikuwa amepiga simu wizarani kuulizia kama yale ni maji, na wizara ilikuwa bado haijathibitisha. Unyevu ulikuwa umeshafika kwenye magodoro.

Sista Bahija alipiga makofi mara moja. "Blanketi."

Sikusikia mtu anapiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko maji yenyewe. Wanaotembea wakatoka. Wa bega wakatoka. Nikaona dari inakimbia juu yangu, nikajua nimebebwa, kichwa mbele, Chande pembeni anahema kama fahali. Mzee Ngwali alipandishwa nyuma yangu, ameshika mfuko wake wa mkojo mkononi, anafoka, "Polepole nyie, ni mali yangu hii!" Tulilazwa kwenye zulia la Mkurugenzi. Nasra juu ya ngazi akahesabu, akasema, "Wametimia." Alipomaliza ndipo akaanza kulia.

Wodi ya pili walikufa watu. Hili silisemi kwa mzaha. Wauguzi wa kule hawakuwa waoga, naomba mnielewe. Nilisikia sauti zao nikiwa kule juu, na mengine nilisimuliwa na waliopona. Mmoja anavuta wagonjwa wawili peke yake. Watatu wanamng'ang'ania mmoja. Mwingine anatafuta ufunguo. Kila mtu anaamrisha, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Walikuwa watu wema ambao hakuna siku waliruhusiwa kujua wafanye nini. Mmoja wao mto uliondoka naye.

Maji yalipokauka, serikali ilifanya kazi haraka kuliko nilivyoiona ikifanya kitu kingine chochote. Walimkamata Sista Bahija.

Ndugu yangu, na mimi niliuliza kama wewe: kwa kosa gani? Nikaelezwa na karani wa mahakama, kwa upole kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Wodi ya pili hawakujiandaa, kwa hiyo hawakuwa na hatia. Wodi ya tatu walijiandaa, na maji yakaja. Sasa nani aliyaita?

Adhabu ya kuita baya ni Nyumba ya Kimya. Unawekwa humo maisha yako yote, unalishwa vizuri, lakini hakuna mtu anayeruhusiwa kukusemesha wala kukusikiliza. Ila kuna njia ya kutokea. Ukisimama mbele ya watu ukasema "Ilikuwa bahati," unarudi nyumbani jioni hiyohiyo, na mablanketi yanarudi kabatini moja kwa moja.

Ukumbi wa mahakama ulijaa mpaka madirishani. Ukutani bado kuna mstari wa tope, na juu ya mstari wametundika maandishi: HAMNA KABISA. Jaji Semtawa, mzee mwenye miwani minene, alikaa juu kabisa, kiti chake kina ngazi ndefu ya mbao. Mwendesha mashtaka alikuwa Bwana Shekivuli, mtu mkubwa, suti imembana tumboni, sauti ya kutangazia mpira.

Nikaitwa shahidi. Nikapanda kizimbani na magongo yangu.

"Mgeni," Shekivuli akaanza, "siku ile ulikuwa unajua maji yanakuja?"

"Hapana."

"Ulishtuka?"

"Nilishtuka sana."

"Na wauguzi wa wodi ya tatu? Walishtuka?"

"Hawakushtuka. Walifanya kazi."

Akageukia watu, mikono juu. "Mmesikia! Hawakushtuka! Mtu asiye na hatia hushtuka!"

Ukumbi ukavuma. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikasema, "Mzee, kwa hiyo mpishi akiweka maji jikoni kabla hamjaja, ndiye aliyewatia njaa?"

Vicheko viwili vitatu vikatoka nyuma, vikamezwa. Jaji akagonga nyundo. "Shahidi, jibu unachoulizwa."

"Sijaulizwa chochote cha maana, mheshimiwa. Nimebebwa na yule mama nikiwa siwezi kutembea. Mngenipeleka wodi ya pili, sasa hivi mngekuwa mnasema niliteleza."

Nikatolewa kizimbani, nikakalishwa benchi la mbele na askari pembeni. Sawa tu.

Akaitwa Bi Asmini. Mumewe, Haroub, alifia wodi ya pili. Mwanamke wa makamo, kitambaa cheupe cha eda kichwani. Alipita mbele ya Sista Bahija bila kumwangalia.

"Mama, pole," Shekivuli akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ikashuka. "Huyu hapa aliita mto. Mto ukamchukua mumeo. Una la kumwambia?"

Bi Asmini akamgeukia Sista.

"Wewe. Wodi yako ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa mume wangu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukuja?"

"Nilikuja. Tulipomaliza wa kwetu nilirudi na Chande. Maji yalikuwa yameshafika hapa." Akagusa shingo yake. "Hatukuweza kuufungua mlango. Nisamehe."

Bi Asmini alitikisa kichwa, siyo kukubali, siyo kukataa. "Haroub alikuwa mtu mnene. Mimi mwenyewe kumgeuza kitandani nilikuwa siwezi. Niambie kweli, usinifariji. Mngeweza kumbeba?"

"Watu wanne na blanketi."

"Mwongo."

"Watu wanne na blanketi, mama. Na wawe wamefanya kabla, siyo siku hiyo ndiyo mara ya kwanza."

"Basi nionyeshe," Bi Asmini akasema. "Nionyeshe, nijue kama mume wangu alikufa kwa sababu ilikuwa haiwezekani, au alikufa bure."

Jaji akafungua mdomo. Shekivuli akamwahi, macho yanang'aa. "Mheshimiwa, naunga mkono! Watu wote waone kosa lenyewe kwa macho yao! Afanye hapahapa, asije akakana baadaye!"

Jaji akaona ni haki. Wakaleta blanketi.

"Nahitaji mtu mnene," Sista Bahija akasema.

Ukumbi mzima ukamwangalia Shekivuli.

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyetaka waone vizuri, mheshimiwa," Sista akamjibu. "Vua viatu."

Akalala, suti na tai na kila kitu. Kitambi kikasimama kama mlima. Chande na Nasra, waliokamatwa kwa kosa hilohilo na kukalishwa pembeni, wakafunguliwa pingu. "Tunahitaji wanne," Sista akasema. Karani akaja, sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa karibu. Pembe ya nne akaishika Bi Asmini mwenyewe.

"Kunjeni mpaka mbavuni," Sista akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya Jumatano. "Mama, usishike ncha, shika mkunjo, ndiyo, ngumi mbili. Karani, mgongo. Mgongo! Unatumia miguu. Asikilizwe mtu mmoja tu, na sasa hivi ni mimi. Moja, mbili, juu."

Shekivuli akapaa. "Jamani, jamani," alikuwa anasema, "jamani msiniangushe."

"Mgonjwa naye anaelezwa kinachoendelea," Sista akauambia ukumbi. "Tunakupandisha ngazi, mzee. Weka mikono kifuani. Kichwa mbele, kwa sababu tunapanda. Tungekuwa tunashuka ingekuwa miguu."

Wakampandisha zile ngazi zote mpaka mbele ya meza ya Jaji, wakamlaza pale chini ya maandishi yao. Hakuanguka. Hata tai haikupinda.

Bi Asmini alibaki ameshika pembe yake. Jasho linamtoka. "Ni mwepesi," akasema, kama anaongea na mtu asiyekuwepo. "Haroub wangu alikuwa mwepesi kuliko huyu." Halafu akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso, na watu wa wodi ya pili, wale waliofiwa, wakaanza kulia wote kwa pamoja. Wengine walikuwa bado wanaangalia viganja vyao, wanavikunja na kuvikunjua.

Hapo ndipo Jaji Semtawa alipogundua. Nilimwona. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamwita karani. Karani akaja anahema, akasoma kifungu kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia: aliyejua namna ya kukabili baya kabla halijaja ana hatia sawa na aliyemfundisha.

"Nani humu ndani hakuona?" Jaji akauliza.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Walioko madirishani?"

"Tumeona, mheshimiwa!" wakajibu kutoka nje.

"Bwana Shekivuli?"

"Mimi nilikuwa nimelala," Shekivuli akasema akiwa bado chini. Kisha, taratibu, akaongeza, "Lakini nilisikia ile ya kichwa mbele."

Jaji akasimama. "Basi naamuru. Wote mliomo humu, sahauni. Mara moja. Na wewe, Bahija, nakupa nafasi ya mwisho, kwa huruma ya mahakama. Sema ilikuwa bahati, sote twende nyumbani."

Nakwambia ukweli, nilitamani aseme. Maneno mawili tu. Nilikuwa nimeshamwona Chande anamwangalia kwa macho ya kuomba. Ile Nyumba ya Kimya niliiona njiani, haina hata dirisha la kupitisha sauti.

"Haikuwa bahati," Sista Bahija akasema. "Ilikuwa kila Jumatano."

"Umejihukumu mwenyewe!"

"Sawa."

"Na mimi," Bi Asmini akasema kutoka pale ngazini. Akainuka, akafuta uso kwa kile kitambaa cha eda. "Mimi sisahau. Nimembeba mtu kwa mikono yangu, umeona mwenyewe. Nifunge."

"Mama, wewe uko msibani, huelewi unachosema."

"Usiniambie sielewi! Miaka yote mmeniambia hamna, hamna, hamna kabisa. Nimezika. Nifunge, nasema!"

"Na mimi," akasema mtu wa nyuma. Mzee Ngwali, wapi na wapi, amekuja na mfuko wake. "Mniwekee kitanda cha karibu na choo."

Wakaanza kusimama. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Walisimama benchi moja baada ya jingine na kujipanga kwenye njia ya katikati, mikono mbele, wanasubiri pingu. Mimi nikasimama na magongo yangu nikaingia kwenye foleni, mgeni au si mgeni. Pingu ziliisha kwenye benchi la pili. Askari wakaangaliana.

Askari aliyekuwa amemshika Sista Bahija alikuwa mtu mzima, kovu shavuni, beji yake ya Uchuro imeng'arishwa. Alimfunga pingu mkono mmoja. Wa pili akawa anahangaika nao, hafungi wala haachii. Kisha akasema, na kila mtu alimsikia:

"Sista. Mke wangu kajifungua juzi kwa upasuaji. Yeye na kichanga. Wanabebwaje hao?"

Kosa lile, alilolifanya mbele ya Jaji, adhabu yake tunaijua. Nilimwangalia Jaji. Nyundo alikuwa ameishika juu, tayari.

"Kichanga hakai kwenye blanketi la mama," Sista akasema. "Anafungwa kifuani kwa muuguzi kwa kanga, mikono ibaki huru. Na wanatoka pamoja, asitangulizwe mmoja, maana mkishawatenganisha mtahangaika kujua nani wa nani."

"Kwa kanga," askari akarudia.

"Fundo liwe mgongoni."

Kule juu Jaji Semtawa alikuwa ameinama mbele, kiganja nyuma ya sikio.

"Rudia hapo kwenye fundo," akasema. "Huku juu hatujasikia."